Gari la Jumamosi

*(Maneno yaliyosemwa na walimu wa ufundi mbele ya wanachama, Lodwar. Yamepigwa chapa ili na wale waliokuwa zamu siku ile wayasome.)*



Tumeombwa tuseme habari ya elimu ya ufundi. Sisi ni watu wa chuma, mbao na injini, wala si watu wa maneno, basi tukikosea njia mturudishe. Lakini kabla ya kuanza twapenda kulitoa hadharani swali moja ambalo baadhi yenu mnalisema pembeni, wala hamlisemi mkutanoni. Mnauliza hivi: walimu hawa, ambao kila mwisho wa mwezi wanalia kwamba mshahara hautoshi, mbona Jumamosi zao wanazimaliza chini ya mti, wanaunga vyuma vikuukuu viwe gari ambalo hakuna mtu aliyeliagiza? Wengine mmesema ni mchezo wa watoto. Wengine mmesema vibaya zaidi, kwamba tunawanyang'anya mafundi kazi yao. Leo tutajibu, na tukiisha kujibu tutakuwa tumesema yote tuliyotumwa kusema.

NCHI HII NA KAZI YA MIKONO

Watu wa mbali wakitaja Turkana hutaja ukame, njaa na bunduki. Hawataji ufundi. Lakini mwaka 2011, upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, mahali paitwapo Lomekwi, wachimbuzi walioongozwa na Bibi Sonia Harmand walikuta mawe yaliyogongwa kwa makusudi yawe vyombo vya kukatia. Habari zake zilitangazwa kwa dunia nzima mwaka 2015, kwamba umri wa mawe hayo ni kama miaka milioni 3.3. Maana yake ni kwamba karakana ya kale kuliko zote zinazojulikana iko katika nchi hii yetu. Aliyegonga mawe yale hakuwa na cheti.

Wala hapana haja ya kwenda mbali hivyo. Mtazameni mzee yeyote wa Kiturkana anayepita barabarani na ekicholong yake mkononi. Mchana ni kigoda, usiku ni mto wa kichwa. Ni kipande kimoja cha mti, hakina msumari wala gundi, nacho chabeba mtu mzima miaka mingi. Tukimpa mwanafunzi kazi ya kutengeneza kitu kama hicho, kwanza hucheka. Akiisha kupasua vipande vitatu ndipo anaponyamaza na kuanza kuuliza.

Kuna na habari nyingine ya nchi hii ambayo mtu wa chama hapaswi kuisahau. Serikali ya kikoloni iliifanya Turkana kuwa wilaya iliyofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali. Makhan Singh, katibu wa East African Trade Union Congress, chama kikuu cha wafanyakazi alichokiunda pamoja na Fred Kubai mwaka 1949, alikamatwa Mei 1950 akaletwa Lokitaung. Alizuiliwa huko na kwingineko, wala hakupata uhuru wake mpaka Oktoba 1961. Kubai naye, baada ya kesi ya Kapenguria, alifungwa Lokitaung pamoja na Kenyatta na wenzao. Kenyatta alipomaliza kifungo mwaka 1959 aliletwa hapa hapa Lodwar, akakaa mpaka 1961.

Mbona waliletwa huku? Kwa sababu mchanga na joto na umbali vilikuwa askari wasiolipwa. Mahali ambapo gari halifiki kwa urahisi, ndipo walipopelekwa watu ambao sauti zao hazikutakiwa. Basi msidhani ya kwamba habari ya magari katika nchi hii ni habari ya starehe tu. Hapa, kufika na kutofika ni jambo kubwa, na hata leo. Mkimbizi wa Kakuma akitaka kutoka eneo la kambi hapana budi awe na kibali mkononi.

KWA NINI UFUNDI ULIDHARAULIWA

Mara nyingi twasikia wakubwa wakiwalaumu wazazi: wazazi wanapenda kalamu, hawapendi nyundo. Sisi tulio walimu twasema lawama hiyo si ya haki, kwa maana wazazi walikuwa na sababu.

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilipita katika Afrika Mashariki ikashauri kwamba elimu ya Mwafrika ielekee kilimo, usafi na kazi za mikono. Ushauri huo ulikuwa na mambo mema ndani yake. Lakini wazee wetu walitazama upande wa pili wa barabara, wakaona mtoto wa Mzungu anafundishwa hesabu, historia na sheria. Wakajua kwamba ufundi waliopewa wao haukuwa mlango, ulikuwa ukuta. Wakaidai kalamu, nao walikuwa na haki ya kuidai.

Tulipojitawala tulichukua kalamu yote tukaiacha nyundo chini. Mwaka 1985 ilikuja elimu ya 8-4-4, ambayo ilitaka kila mtoto wa shule ya msingi aguse mbao, chuma na udongo. Wazazi walichanga fedha wakajenga vyumba vya karakana. Katika shule nyingi vyumba vilikuwako, vyombo havikuwako. Mwalimu alichora randa ubaoni, watoto wakainakili daftarini, wakafanyiwa mtihani juu ya randa ambayo hawakupata kuishika. Baadaye masomo hayo yakapunguzwa, na vile vyumba vikawa ghala za mahindi.

Wakati huo huo kulikuwa na elimu nyingine iliyokuwa ikiendelea bila kuombwa. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa juu ya kazi katika Kenya, ikasema wazi kwamba watu wanaofanya kazi ndogo ndogo nje ya viwanda na ofisi si wazururaji, ni wafanyakazi wanaoleta mali. Hao ndio tuliowaita baadaye jua kali. Wao walijifunza kwa kuona, kwa kugonga na kwa kuungua vidole. Kosa letu ni kwamba mpaka leo elimu hizi mbili hazijaoana. Mwenye cheti hana mkono, na mwenye mkono hana cheti, na kila mmoja amdharau mwenzake.

Basi hilo gari letu la Jumamosi ni mahali ambapo tulitaka hao wawili wakutane.

JINSI LILIVYOJENGWA

Tumefundisha Lodwar, na tumefundisha Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kwa barabara kuu ya A1. Gari tulilijenga Kakuma, kwa sababu huko vyuma vikuukuu ni vingi. Tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, malori na pikapu nyingi zimekufa katika mchanga ule, na mifupa yao ingali huko.

Tulitaka kigari cha kubebea mchanga na maji ndani ya chuo, kwa kuwa vijana wa uashi walikuwa wakibeba mchanga kwa karai kutoka laga, na maji kwa mitungi. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20. Mitungi 12 ni kilo 240. Mwambieni kijana abebe hiyo asubuhi, kisha mwambie mchana ajenge ukuta ulionyooka. Hataweza.

Tulichukua injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 150. Tulichukua ekseli na magurudumu ya pikapu iliyokufa. Fremu tulikata katika mabomba na vyuma vya pembe vya kitanda cha lori. Hakuna kilichonunuliwa ila cheni, beringi, vijiti vya kuchomelea, na petroli, na fedha hizo tulichanga wenyewe.

Shida ya kwanza ilikuwa nguvu. Pikipiki huendeshwa kwa spoketi ya meno 15 mbele na meno 38 nyuma, yaani spoketi ya mbele ikizunguka kama mara mbili na nusu, gurudumu lazunguka mara moja. Hiyo yatosha kwa watu wawili barabarani, haitoshi kwa robo tani mchangani. Tukaweka shafti ya katikati, yenye spoketi ya meno 30 ikivutwa na ile ya meno 15, na kutoka hapo meno 15 yakavuta meno 38. Mwendo ukawa nusu, na nguvu ya kuvuta ikawa maradufu. Hapo vijana waliokuwa wakilia kila siku ya hesabu walielewa kugawanya na kuzidisha kwa alasiri moja. Mmoja akasema, "Kumbe nguvu haitoki bure, unachoongeza kwenye kuvuta unakilipa kwenye mbio." Hakuna kitabu kilichomfundisha maneno hayo. Aliyasema kwa kuwa alikuwa amezungusha gurudumu kwa mkono wake akihesabu.

Shida ya pili ilikuwa joto. Injini ya pikipiki hupozwa kwa upepo wa mwendo. Gari linalotambaa halina upepo wa mwendo, na upepo wa Kakuma wenyewe ni wa moto. Vijana wa bati wakakata feni katika pipa, tukaifunga iendeshwe na shafti ile ya katikati. Tazameni basi: fundi bati, fundi chuma, makanika, na seremala aliyejenga kitanda cha nyuma, wote katika kazi moja. Darasani kila mmoja ana chumba chake na mwalimu wake. Lakini kazi ya dunia haina vyumba.

SIKU YA BREKI

Sasa, ndugu, tufike mahali ambapo hatupendi kufika. Lakini tukiwaficha hili, yote tuliyosema yatakuwa uongo.

Breki tulizitoa katika ekseli ile ile ya pikapu, nazo zilikuwa nzima. Mkono wa kuivuta breki tuliutengeneza kwa kipande cha springi ya lori, tukauchomelea kwenye fremu. Kulikuwa na mgeni aliyetazamiwa Jumatatu, nasi tulitaka akute gari linakwenda. Jumamosi jioni kazi ilikuwa imekwisha.

Kulikuwa na kijana mmoja kutoka Sudan Kusini, ambaye alijiunga na darasa akiwa mkubwa kuliko wenzake, na kusoma kwake kulikuwa kwa taabu. Alikuwa amelelewa na mjomba wake, mhunzi. Alichukua tupa akaipitisha karibu na mshono wa ule mkono. Tupa ikateleza kama inayopita juu ya kioo. Akaja kwetu akasema, "Mwalimu, chuma hiki hapa kimekuwa kigumu sana. Kitakatika."

Tukamwambia, "Nenda ukaoge. Tumechomelea vyuma kabla hujazaliwa."

Jumapili vijana walikwenda laga ya Tarach kuchukua mchanga. Wakati wa kupanda ukingo, gari limejaa, injini ikazima. Dereva akavuta breki kwa nguvu zake zote. Mkono ukakatika pale pale ilipoteleza tupa. Gari likarudi nyuma. Dereva aliruka. Kijana aliyekuwa nyuma akisukuma hakuwahi. Mguu wake ulivunjika mahali pawili.

Alikaa hospitali majuma mengi. Leo anatembea, naye ni fundi mwashi, lakini akisimama siku nzima mguu humwuma. Mama yake alipokuja hakutupigia kelele. Aliuliza jambo moja tu: "Hakuna aliyejua?" Nasi hatukuwa na jibu la kumpa, kwa sababu aliyejua alikuwako, akasema, tukamnyamazisha.

Sikilizeni tena. Chuma cha springi kina kaboni nyingi. Ukikichomelea kikapoa upesi, pembeni ya mshono kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, kama kigae. Hapana budi kukipasha moto kwanza na kukipoza polepole, na lililo bora ni kutokichomelea kabisa, bali kufunga mkono wa chuma laini kwa bolti. Jambo hilo sisi tulilijua. Tulilifundisha ubaoni. Katika mtihani wa mwaka ule swali lile lilikuwamo, na darasa zima lilipata maksi. Yule mtoto wa mhunzi ndiye aliyekuwa ameshindwa kulijibu, kwa kuwa hakuweza kuusoma Kiingereza chake.

Ndugu, kama mkisahau mengine yote ya leo, mlikumbuke hilo. Sisi tulioshinda mtihani ndio tuliovunja mguu wa mtoto wa watu. Aliyeshindwa mtihani ndiye aliyekuwa na ujuzi. Na sababu ya kutomsikiliza haikuwa chuma. Ilikuwa ni kwamba hana cheti, ni mkimbizi, lafudhi yake ni nzito, na sisi tulikuwa na haraka ya kumpendeza mkubwa.

Tangu siku ile tuna sheria tatu, zimeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Ya kwanza: mtu yeyote, hata aliyeingia jana, akisema "simama," kazi husimama, wala haianzi tena mpaka aonyeshwe kwa vitendo kwamba hakuna hatari. Ya pili: breki hujaribiwa kwa mzigo uliozidi ule utakaobebwa, kabla ya mtu kupanda, maana mwendo ukiwa mara mbili, kazi ya breki ni mara nne. Ya tatu: hakuna kazi inayokamilishwa kwa ajili ya mgeni.

Twafikiri sheria hizi zingefaa hata katika sehemu zenu za kazi, ninyi mnaofanya barabara, visima na majengo. Ni mara ngapi mtu wa chini kabisa ameona kamba imeoza, akanyamaza, kwa kuwa alijua hatasikilizwa?

KAZI YA HIARI NA KAZI YA KUUZA

Twaja kwa wale mliosema kwamba tunawanyang'anya mafundi kazi.

Gari lilipotengenezwa upya, likawa linakwenda vizuri, alikuja mfanyabiashara mmoja. Alitaka magari kumi ya namna ile. Alikuwa tayari kulipa bei ya vyuma, vijiti na injini. Tulipouliza habari ya ujira, alishangaa. Akasema, "Hao si wanafunzi? Si wanajifunza?"

Twakiri kwamba tulibishana. Baadhi yetu walisema chuo hakina fedha, vyombo vimekwisha, tukubali. Wengine walisema: katika mji wa Kakuma wako mafundi wenye karakana zao, wanaolipa kodi na kulisha watoto. Tukimpa mtu huyu magari kumi kwa bei isiyo na jasho ndani yake, kesho fundi gani atauza gari? Na yule mwanafunzi wetu akiisha kutoka chuoni, atakwenda kushindana na nani? Atashindana na wadogo zake wanaofanya bure. Tutakuwa tumemfundisha kazi kwa mkono wa kulia, na kuiua kwa mkono wa kushoto.

Basi tukamjibu hivi. Gari tunalolijenga Jumamosi kwa kujifunza na kwa kujifurahisha ni letu, wala haliuzwi. Siku linapouzwa, hilo si mchezo tena wala si somo; jina lake ni kazi, na kazi ina ujira. Bei yetu haitakuwa chini ya bei ya fundi wa mjini hata shilingi moja, na fedha ya jasho itakwenda kwa aliyetoka jasho. Mfanyabiashara akaenda zake. Hatukupata fedha. Lakini mafundi wawili wa mjini waliosikia habari hiyo walikuja Jumamosi iliyofuata na vyombo vyao, na mpaka leo huja. Wao wanatufundisha kukata na kupinda bati, nasi twawafundisha kusoma michoro.

Hiyo ndiyo faida ya kazi ya kujifurahisha. Mtu aliyelipwa kwa saa haulizi maswali mengi, kwa kuwa saa si yake. Mtu anayefanya kwa kupenda hujaribu, hukosea, hubomoa, huanza tena. Wenzetu wengine wamefanya hivyo wakafika mbali. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kiliendesha gari la umeme liitwalo Kiira EV, lililoanza kama kazi ya wanafunzi na walimu wao, na likazaa kampuni ya Kiira Motors. Mwaka 2022 Masoud Kipanya wa Dar es Salaam, mchora katuni na mtangazaji wa redio, alionyesha gari dogo la umeme alilolijenga. Na kule Goma katika Kongo, watu wasio na chuo chochote waliunda chukudu, gari la mti la magurudumu mawili, linalobeba mzigo ambao punda angeukataa. Mji wa Goma umeisimamishia sanamu.

Sisi Kenya nasi tulijaribu. Mwaka 1986 Rais Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Karakana za Reli zilishiriki, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa Nairobi mbele ya umma. Yalikwenda. Lakini kiwanda cha kuyatengeneza kwa wingi hakikuweza kuendelea, kwa kukosa fedha. Twasema nini? Kwamba mikono haikushindwa. Kilichoshindwa ni kile kilichotakiwa kuja nyuma ya mikono: fedha, vipuri, soko, na vyuo vya kuwafundisha mafundi elfu badala ya kumi. Gari la sherehe likiharibika halina mtu wa kulitengeneza. Gari lililojengwa na vijana hamsini lina mafundi hamsini.

TUNAYOWAOMBA

Ndugu, gari letu halina namba wala halijakaguliwa, kwa hiyo halikanyagi lami. Sheria ya barabara ni sheria, na tumeona kwa macho yetu sababu yake. Linakwenda chuoni na kwenye njia ya laga, basi. Hatukuja kuwaomba mlipende gari. Tumekuja na mambo manne.

La kwanza ni mtihani. Mamlaka ya Mafunzo ya Viwanda, NITA, hutoa mtihani wa ufundi kwa madaraja matatu, na mtu aliyejifunzia chini ya mti anaweza kuufanya sawa na aliyetoka chuoni. Wengi hawaufanyi kwa kukosa ada, au kwa hofu. Twaomba chama kiwe na sanduku la ada, na kila mwanachama atie kidogo. Nasi walimu tutawaandaa watu hao jioni bila malipo. Hiyo ndiyo hiari yetu.

La pili ni ujira ulio sawa. Yule mtoto wa mhunzi leo ndiye anayewafundisha wanafunzi wapya kuchomelea, na tangu aanze hajavunjika mtu. Lakini katika kambi, mkimbizi anayefanya kazi kwa mashirika hulipwa kile kinachoitwa posho ya motisha, ambacho ni kidogo sana kuliko mshahara wa Mkenya afanyaye kazi ile ile. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilifungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi, lakini vibali bado ni vigumu kupatikana. Wako wanachama wanaosema hilo si shauri letu. Ndugu, ni shauri letu hasa. Palipo na mikono ya bei nafuu kando yako, ujira wako wewe nao unavutwa chini. Na mwaka 2025, wafadhili walipopunguza fedha, posho ya chakula kambini ilikatwa sana. Mtu mwenye njaa atakubali ujira wowote. Basi ama tumpandishe, ama atushushe, wala hatatushusha kwa kupenda.

La tatu ni vijana wa hapa. Mafuta yalipogunduliwa Turkana mwaka 2012, na malori yalipoanza kuyapeleka Mombasa mwaka 2018, vijana wetu wengi walipewa kazi ya kulinda lango na kufyeka njia. Walipouliza kazi ya kuunga mabomba, waliambiwa hawana ujuzi. Kampuni nyingine ikija, isitukute tena tukiwa na jibu lile lile. Chama kidai kwamba kila mkataba mkubwa uwe na nafasi za wanagenzi, wenye ujira, wenye mafunzo, tangu siku ya kwanza.

La nne ni dogo. Dereva, makanika, fundi bomba, fundi umeme: njooni Jumamosi moja katika mwezi. Leteni beringi kuukuu, leteni cheni iliyokatika, leteni vichwa vyenu. Watoto wenu wawaone mkifikiri kwa mikono. Mtoto anayemwona baba yake akirudi nyumbani amechoka tu hujifunza kuikimbia kazi hiyo. Mtoto anayemwona baba yake akiulizwa shauri na mwalimu hujifunza kuiheshimu.

Tumalizie kwa jibu la lile swali la pembeni. Tunalijenga gari lile kwa sababu kule darasani twaweza kufundisha miaka mingi bila kugundua kwamba hatujui. Chuma hakina heshima kwa mtu: hakiulizi umesoma wapi, wala kabila lako, wala una kibali cha namna gani. Kikiwa kibovu hukatika. Twapenda wanafunzi wetu, na sisi wenyewe, tuhukumiwe na hakimu huyo, lakini mapema, juu ya meza ya karakana, kabla mtu hajasimama nyuma ya gari.

Yule kijana ameifunga tupa ile kwa waya ukutani, chini ya zile sheria tatu. Kila mshono wa breki unapitishwa tupa hiyo, na anayeipitisha ni mwanafunzi mdogo kuliko wote. Mkija Jumamosi mtaiona.

Umoja ni nguvu.